Rimu Nne za Bwana Mangi

Jumapili asubuhi Jaafar alichuchumaa kando ya gari, akalaza kidole cha shahada juu ya mkwaruzo. Mkataba ulisema hivyo hivyo: mkwaruzo wowote kwenye rimu ukizidi upana wa kidole, huo ni uharibifu. Kidole kimoja hakikuufunika. Viwili pia havikuufunika. Akasogea kwenye gurudumu la nyuma, akapima tena, kisha akazunguka upande wa pili. La mbele kulia hakulipima. Ukingo wake ulikuwa umebonyea kama mdomo wa sufuria iliyoangushwa, na rangi yake ya fedha ilikuwa imechunika kabisa.

"Utazipima mpaka lini?" mkewe, Mbeyu, alimwuliza kutoka mlangoni. "Jana ulizipima. Hazijapungua."

"Alhamisi nalirudisha."

"Najua Alhamisi unalirudisha. Ninachouliza ni utafanyaje."

Aliinuka, akaingia ndani, akanywa chai nusu kikombe, akatoka tena.

Gari lenyewe lilikuwa Korola nyeupe iliyotoka Japani na rimu za aloi, zile zinazong'aa zenye mikono mitano kama nyota, si za chuma zinazofichwa kwa vifuniko vya plastiki. Lilikuwa mali ya Bwana Mangi wa Mombasa, aliyewapa madereva magari kwa mkataba wa miaka miwili. Dereva aliweka amana, akalipa kila wiki, na mwisho wa miaka miwili gari likawa lake. Siku ya kutia sahihi, Bwana Mangi alimtoa Jaafar nje na kumwonyesha zile rimu moja moja.

"Injini ikifa, fundi yupo," alimwambia. "Bodi ikigongwa, fundi yupo. Hizi hazina fundi hapa Pwani. Ukiziharibu utaninunulia seti nzima, au amana yako niachie."

Hiyo ilikuwa Januari mwaka wa tisini na saba. Diani ilikuwa imejaa wageni, na Jaafar alikuwa akilipa wiki kabla ya wiki. Ikaja Agosti na vurugu za Likoni, wageni wakapanda ndege wakaenda zao, hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine. Zikafuata mvua za El Nino, zikabeba lami na madaraja. Kuanzia hapo Jaafar alikuwa akigombania abiria mmoja na madereva kumi, na katika kujisukuma mbele ya malango ya hoteli ndipo rimu ziliposuguana na zile kingo za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Lile la mbele kulia lilikuwa na kisa chake. Ilikuwa Mei, njiani Mwabungo, aliona dimbwi la maji akadhani ni dimbwi tu. Lilikuwa shimo la kina cha goti. Usukani ulimrukia mikononi, na tangu siku hiyo gurudumu lile lilikuwa likipungua upepo kila baada ya siku mbili.

Mwaka huu mambo yalipomshinda kabisa, alikwenda kwa Bwana Mangi akamwambia ukweli kwamba hawezi tena. Bwana Mangi hakumfokea. Walikubaliana gari lirudi katikati ya Novemba, mkataba uvunjwe, na Jaafar arudishiwe amana yake, maadamu gari liko kama alivyolichukua.

Na amana ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mamake Mbeyu, Bi Mwanapili wa Msambweni, mama aliyesuka makuti ya kuezekea hoteli kwa miaka minane, akiweka shilingi juu ya shilingi ili aende Makka. Alimkopesha mkwewe kwa miaka miwili, bila karatasi. Sasa miaka miwili ilikuwa inakwisha. Msafara wa mahujaji ulikuwa ukikusanya pesa, na siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi hii, baada ya Alasiri.

Jumatatu Jaafar alizunguka maduka yote ya vipuri ya Ukunda. Wengine walicheka. Mmoja alimwambia seti kama ile huenda ikapatikana Mombasa kwa watu wanaopokea magari bandarini, akataja bei, na Jaafar akashukuru akaondoka upesi kama mtu aliyeunguzwa. Jumanne alikwenda kwa Salimu.

Salimu alikuwa fundi mwenye gereji nyuma ya Kona ya Musa. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na hawakuhitaji kuzungushana.

"Salimu, nifutie haya."

Salimu alizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya kila rimu. "Mikwaruzo hii si kitu. Msasa, puti ya kujazia, rangi ya fedha. Karani wa ofisi hataiona. Hii ya mbele niache niivue tairi kwanza."

Alilivua. Akaigeuza ile rimu upande wa ndani, akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, akaiinua juani. Kisha akamwita Jaafar kwa kichwa.

"Unaona?"

Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, unaanza pale ukingo ulipobonyea na kuteremka ndani karibu urefu wa kiganja.

"Huu ni ufa," Salimu alisema. "Ndiyo sababu upepo unatoka. Rimu hii imekwisha, ndugu yangu. Itupe."

"Nikiitupa nitarudisha gari na magurudumu matatu?"

"Funga lile la akiba."

"La akiba ni la chuma. Si itaonekana nimevunja?"

"Umevunja kweli, Jaafar."

Jaafar alikaa juu ya tairi kuukuu. Alijaribu kueleza habari ya mama mkwe na Jumamosi, akajikuta anasema haraka haraka, maneno yanapandana. Salimu alimsikiliza akiwa bado ameshika ile rimu.

"Mikwaruzo nitakufutia kwenye rimu zote nne, na sitaki pesa," alisema mwishowe. "Lakini ufa siugusi. Puti si chuma. Ukiziba ufa kwa puti utakuwa umeuficha tu, na siku gari limejaa watu, liko mbio, utafunguka. Nenda kwa mwenye gari, umwambie."

"Nitamwambia," Jaafar alisema.

Na wakati ule alikuwa na nia hiyo. Lakini Jumatano jioni alipokuja kuchukua gari, rimu zake zilikuwa zimependeza mno. Tatu zilikuwa kama mpya. Hata ile ya nne, ukingo Salimu alikuwa ameugongagonga taratibu hadi ukarudi karibu na mviringo wake, na kwa nje haikuonyesha dalili yoyote. Ufa peke yake ndio uliobaki wazi, kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Hakupitia nyumbani. Alinunua kopo dogo la puti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaendesha hadi kwa fundi wa pancha mmoja asiyemjua kando ya barabara ya Tiwi. Huko, gurudumu lilipokwisha kuvuliwa, aliuziba nyuma ya mkorosho ule ufa kwa kidole chake mwenyewe, akausugua kwa msasa, akapaka rangi iliyobaki. Kisha akamwambia fundi wa pancha atie tyubu ndani ya tairi ili upepo usitoke tena.

"Tairi hili halitaki tyubu, bosi," yule fundi alisema.

"Tia."

Alimwambia pia alifunge gurudumu lile nyuma, upande wa kushoto. Alijiambia nyuma si kama mbele. Usukani hauko nyuma. Alijiambia hivyo mara nyingi njiani kurudi.

Alhamisi alivuka kwa feri ya Likoni, na saa nne alikuwa uani kwa Bwana Mangi. Karani, kijana aitwaye Maxwell, alitoka na fomu yake juu ya ubao, akaanza kulikagua gari. Alifungua buti. Aliwasha taa. Alichuchumaa kwenye kila gurudumu, akapitisha kalamu juu ya ukingo wa rimu, akatia alama. Alipofika nyuma kushoto alichuchumaa muda mrefu kuliko kwingine.

"Hizi rimu umezipaka?" Maxwell aliuliza.

"Nimezisafisha."

"Zimetoka fiti." Akatia alama, akaendelea.

Kwenye benchi la ofisini walikuwa wamekaa kijana na mkewe, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Bwana Mangi alipomaliza kuhesabu na kumpa Jaafar bahasha, alimwonyesha yule kijana. "Huyu ni Tobias. Ndiye anayelichukua gari baada yako. Alikuwa mpishi kule kwenu Diani, hoteli ikafunga."

Tobias alisimama, akampa Jaafar mkono wa heshima, mikono miwili. Alikuwa mtu wa bara, mwenye tabasamu pana.

"Mzee wangu, nimeliona gari hapo nje. Umelichunga poa sana. Mimi na Everline hapa tumeuza kila kitu kupata hii dipoziti, hadi cherehani yake. Sasa niambie kama mtu na kakake, liko na shida yoyote nijue mapema?"

Jaafar aliitazama bahasha. Kisha akamtazama yule mtoto, aliyekuwa amelala mdomo wazi.

"Halina neno," alisema.

"Asante, bosi wangu. Nimeshapata job tayari. Jumamosi napeleka watu wa harusi kutoka Ukunda mpaka Majoreni."

Saa tisa Jaafar alikuwa Msambweni, ameketi mkekani mbele ya Bi Mwanapili. Mama yule hakuzihesabu pesa. Aliishika bahasha kwa mikono yote miwili, akaiweka pajani, akainua viganja vyake vilivyochanwachanwa na makuti, akamwombea mkwewe dua ndefu. Jaafar aliitikia amina kila palipohitajika.

Labda angeweza kunyamaza. Watu hunyamaza juu ya mambo makubwa kuliko lile, na siku zikapita. Lakini Ijumaa, baada ya sala, Bi Mwanapili alifika Ukunda mwenyewe, amevaa buibui lake jema, akaomba Jaafar na Mbeyu wakae.

"Tumefundishwa msikitini," alisema. "Kabla hatujatoa pesa, kila mtu awaendee aliowakosea, awaombe radhi, asiende kwa Mungu na mizigo ya watu. Mimi nimeanza hapa."

"Hapa, mama?" Jaafar alisema. "Umetukosea nini?"

"Si nyinyi, ni wewe. Ulipoanza kuchelewa malipo ya gari, niliwaambia majirani kuwa mwanangu ameolewa na mtu asiyejua kushika kitu. Nilisema mara mbili. Na leo umeirudisha amana yangu kamili, haikupungua hata shilingi. Niwie radhi, baba."

Jaafar alibaki akimtazama. Mbeyu alimtazama, akaona kitu kibaya, akamjibia upesi, "Amekuwia radhi, mama. Yamekwisha." Bi Mwanapili aliridhika. Alikunywa maji, akaaga. Alikuwa na nyumba nyingine nne za kupitia.

Mbeyu alimsindikiza mamake mpaka njiani, akarudi, akasimama mbele ya mumewe. "Sema."

Akasema. Alisema yote, kopo la puti, tyubu, mkorosho, kijana na mtoto. Mwishoni Mbeyu aliuliza swali moja.

"Huyo kijana anajua?"

"Hajui."

"Na wewe umekaa hapa?"

Jaafar alikwenda. Ijumaa ile yote iliyobaki aliizunguka Ukunda, nyumba za kupanga za watu wa bara, stendi, nyuma ya soko. Watu walimjua Tobias mpishi, lakini kila mmoja alimtuma kwingine. Alikuwa amehama chumba wiki iliyopita kwa kushindwa kodi. Jumamosi alfajiri, baada tu ya sala, alisimama Kona ya Musa akikodolea macho kila gari jeupe. Saa mbili mwuza maandazi mmoja ndiye aliyemwambia, "Watu wa harusi ya Majoreni? Hao wamechukuliwa nyumbani kwao, wameondoka kitambo."

Alikimbia mpaka kwa Salimu. Hakuwa na haja ya kueleza mengi. Salimu alimtazama usoni tu, akachukua funguo za pikapu yake.

"Umeziba," alisema walipokuwa wanatoka.

"Nimeziba."

Wakashika njia ya Msambweni. Pikapu ilikuwa nzee na haikuwa na mwendo. Jaafar alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili kana kwamba anaisukuma. Kila kona alijiambia gari litakuwa mbele ya kona ifuatayo, linakwenda salama, na yeye atashuka alisimamishe kwa mikono yake. Alimwomba Mungu kilomita nyingine kumi. Walipita Ramisi. Walikata njia ya vumbi inayoshuka kuelekea Majoreni, wakaenda kama robo saa, na hapo wakaona watu wamekusanyika barabarani.

Korola ilikuwa imelalia ubavu ndani ya mtaro, kioo cha mbele kimepasuka, masinia ya halua ya harusi yametapakaa majanini. Wanawake wawili walikuwa wamekaa chini wakilia. Wa tatu, mama mtu mzima aitwaye Bi Husna, shangazi wa bibi harusi, alikuwa amelazwa juu ya kanga, ameushika mkono wake wa kulia ambao ulikuwa umepinda mahali pasipopindika. Hakulia. Alikuwa akisoma dua chini chini.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa juu, linaonekana na kila mtu. Rimu ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi katikati, na tyubu nyeusi imechomoza penye mpasuko kama utumbo.

Tobias alikuwa amesimama karibu na gari, damu ikimtiririka kutoka kwenye nyusi. Alipomwona Jaafar alimkimbilia kama mtu aliyeona jamaa yake.

"Mzee! Haki ya Mungu nilikuwa naenda pole pole. Nimesikia tu *paa*, gari likanivuta. Sijui nimegonga nini. Siku ya tatu, mzee! Siku ya tatu nimeua gari la watu. Mangi atakula dipoziti yangu yote. Nitamwambia nini Everline? Niambie, nitamwambia nini?"

Alimshika Jaafar mabega, akawa analia waziwazi mbele ya watu. Na Jaafar akaona jambo ambalo baadaye alikiri lilimtisha kuliko ajali yenyewe: kwamba bado alikuwa na nafasi. Tobias alikuwa ameshajitwika kosa. Hakuna aliyekuwa na shaka. Bahasha ilikuwa bado Msambweni, na mpaka Alasiri kulikuwa na saa nyingi. Kilichohitajika ni kunyamaza, na kumpigapiga kijana yule mgongoni.

Salimu alikuwa amesimama kando ya pikapu. Alikuwa akimtazama Jaafar.

"Hukugonga kitu," Jaafar alisema. "Tobias, niangalie. Hukugonga kitu. Rimu ilikuwa na ufa tangu Mei. Mimi ndiye niliyeuziba kwa puti nikapaka rangi."

Tobias hakuelewa mara moja. Alitazama gurudumu, akamtazama Jaafar.

"Nilikuuliza," alisema polepole. "Mimi nilikuuliza ofisini, na mke wangu amekaa pale. Ukasema halina neno."

"Nilisema."

Ngumi ilimpata Jaafar mdomoni. Alianguka, na hakuinuka kujikinga. Tobias alimsimamia juu akihema, mkono umekunjwa tena, na huenda angeendelea, lakini Bi Husna alisema kutoka pale kangani, kwa sauti ndogo, "Wanangu, nipelekeni hospitali kwanza. Mtapigana baadaye."

Walimwinua, wakamweka mbele ya pikapu karibu na Salimu. Wengine walipanda nyuma, Tobias upande mmoja, Jaafar upande wa pili, na kila pikapu iliporuka shimo walisikia yule mama akiguna. Hospitalini Msambweni walisema mkono umevunjika mara mbili. Madaktari wakamchukua. Jaafar alibaki ukumbini, shati lina damu yake mwenyewe, kisha akatoka, akatembea kwa miguu mpaka kwa mama mkwe.

Bi Mwanapili alikuwa amevaa tayari kwenda msikitini. Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wake. Aliona mdomo uliovimba, akauliza, "Umeanguka?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeanguka?"

Alikaa chini, si mkekani bali sakafuni, akamweleza. Safari hii hakuharakisha. Alipofika penye Bi Husna, Bi Mwanapili alishtuka, kwa kuwa walijuana. Walisukiana mikeka zamani. Jaafar alipomaliza, waadhini walikuwa wameanza kuadhini Alasiri. Waliisikiliza adhana mpaka mwisho.

Bi Mwanapili alifungua mkoba, akaitoa bahasha, akaiweka sakafuni katikati yao.

"Pesa hii siwezi kuipeleka," alisema. "Ichukue."

"Mama, nitakulipa. Wallahi nitavunja mawe, nitafanya kazi yoyote..."

"Usiape. Jana nilikuja kwako nikakuomba radhi kwa maneno mawili ya uani. Nawe ulikaa ukanitazama." Sauti yake haikupanda. "Toka sasa, nataka kusali."

Jumatatu Jaafar alivuka tena Likoni, amebeba ile rimu iliyopasuka ndani ya gunia, akaiweka juu ya meza ya Bwana Mangi pamoja na bahasha. Tobias alikuwepo, amefungwa bandeji, na Everline. Jaafar alieleza mbele yao wote, na Maxwell karani akawa anainamia karatasi zake kwa aibu.

Bwana Mangi aliigeuza rimu, akaukwangua mpasuko kwa ukucha, puti kavu ikamwagika mezani.

"Ungekuja Alhamisi na ufa wako wazi," alisema, "ningekukata bei ya rimu nne, na ungeondoka na zaidi ya nusu ya amana. Sikuwa nimekuchukia, Jaafar. Sasa hii bahasha haitoshi. Kuna bodi, kuna kioo, kuna mkono wa mtu. Naweza kupiga simu polisi sasa hivi."

"Piga, Bwana Mangi."

Bwana Mangi aliishika simu, akaiacha. Alichofanya ni kuandika karatasi kwamba amana ya Tobias isiguswe, apewe gari jingine, na Jaafar alipe kilichobaki kila mwezi mpaka kiishe. Jaafar alitia sahihi bila kusoma. Alimgeukia Tobias amwombe radhi, lakini Tobias alikuwa ameshatoka nje. Everline alibaki kidogo mlangoni, akimfunga mtoto vizuri mgongoni.

"Mtoto huyu nilitaka kumpeleka pia Jumamosi, aone harusi ya watu wa Pwani," alimwambia. "Alikuwa na homa ndiyo tukabaki." Akaondoka.

Jaafar alipata kazi kwenye machimbo ya matofali ya matumbawe, akikata mawe kwa mikono pamoja na vijana wa nusu ya umri wake. Jioni alirudi mweupe kwa vumbi hadi kope. Kila Ijumaa alikwenda kwa Bi Husna, ambaye mkono wake ulipona ukiwa umepinda kidogo na hakuweza tena kusuka. Mara ya kwanza mama yule hakumfungulia. Mara ya tatu alimfungulia, akampa ndoo ya kwenda kuteka maji. Tobias walipishana naye mara kwa mara barabarani, kila mmoja akitazama mbele.

Mahujaji waliondoka mwaka uliofuata, mwezi wa Machi. Asubuhi ile Msambweni yote ilitoka kuwaaga, kwa dua na kwa machozi. Bi Mwanapili aliwaaga wenzake, akawapa salamu za kufikisha, akarudi nyumbani, akavua buibui, akachukua jembe akaenda kulima mihogo nyuma ya nyumba kama siku nyingine yoyote.

Jaafar alikuwa amefika na Mbeyu. Alimfuata mama mkwe mpaka shambani. Kisha akachukua jembe la pili lililoegeshwa ukutani, akaanza tuta la pembeni. Mama mkwe hakumfukuza. Walilima hivyo mpaka jua likapanda, yeye tuta lake, Jaafar lake, majembe yakipokezana mdundo, na jasho likamwingia Jaafar machoni hata akawa haoni vizuri anapopiga.

Ndipo Bi Mwanapili aliponyoosha mgongo, akatazama alikopita mkwewe.

"Hapo nyuma umeacha majani," alisema.

Jaafar alirudi nyuma, akayang'oa.